Nani Anyamaze Kanisani?

Hoja iliyowekwa mezani ni hii: kila ibada ya Jumapili itengewe dakika kumi za ukimya, bila kinanda, bila matangazo, bila mtu wa kuongoza sala. Sauti tatu zinaijadili. Sista ni mtawa wa Kibenediktini kutoka Ruvuma, kusini mwa Tanzania, mlezi wa wanovisi. Mchungaji anaongoza kanisa la Kipentekoste mjini, lenye mkesha kila Ijumaa. Mwalimu ni mama mstaafu wa Vihiga, magharibi mwa Kenya, muumini wa Kanisa la Marafiki, wale wanaojulikana duniani kwa jina la Quaker. Sauti hizi nimezitunga ili kila upande upate wa kuusemea kwa nguvu zake zote, nami nikae pembeni.

SISTA: Nianze na Eliya, maana najua Mchungaji anamhubiri sana. Juu ya Karmeli aliomba moto ukashuka, umati ukaanguka kifudifudi. Sura inayofuata, 1 Wafalme 19, mtu yule yule amekimbia, amelala chini ya mti jangwani, anaomba afe. Mungu hakumpa moto wa pili. Alimpa usingizi, mkate na maji, kisha safari ndefu hadi Horebu. Huko ukapita upepo wa kupasua miamba, likaja tetemeko, ukaja moto, na mara tatu tunaambiwa Bwana hakuwamo. Iliyokuja mwishoni ilikuwa sauti ndogo kiasi kwamba mtu anayeongea asingeisikia. Sisemi moto wa Karmeli haukuwa wa Mungu. Nasema wengi wanaoingia kanisani Jumapili wako Horebu, nasi kila wiki tunawapandisha Karmeli.

MCHUNGAJI: Umeanza vizuri, Sista, ila umeikata hadithi mapema. Sauti ile ilimwambia nini? Iliuliza anafanya nini pale, kisha ikamrudisha njiani akawapake mafuta Hazaeli, Yehu na Elisha. Yaani toka pangoni, kazi inangoja. Halafu Zaburi ya 150 nayo ni neno la Mungu: baragumu, kinubi, matari, filimbi, matoazi. Na kanisa lenyewe lilizaliwa kwa kishindo. Siku ya Pentekoste watu walisema lugha wasizojifunza hadi watazamaji wakadhani ni walevi. Mimi nina muumini anayeuza mitumba juani wiki nzima. Mgambo anamfukuza, mwenye nyumba anamdai, mkubwa wa soko anamfokea. Jumapili ndiyo siku pekee anayofungua kinywa bila mtu kumwambia funga. Leo na mimi nimwambie anyamaze?

MWALIMU: Mchungaji, umetaja ulevi. Yuko mwingine katika Biblia aliyedhaniwa amelewa akiwa katika sala. Ni Hana, kule Shilo. Midomo yake ilikuwa inacheza, sauti haitoki, na kuhani Eli aliyekaa kitini karibu na mwimo wa mlango akamkemea aache pombe. Mitume walisingiziwa kwa sababu ya kelele, Hana kwa sababu ya ukimya. Mtu wa nje alikosea pande zote mbili. Kwa hiyo naomba tusipoteze muda kupima sauti iwe kubwa au ndogo. Tuulize ukimya unafanya kazi gani ndani ya mtu, na kama kazi hiyo inafaa kupewa nafasi kanisani.

SISTA: Nitaijibu, na nitakuwa mkweli kwa Mchungaji: kazi yake ya kwanza haipendezi. Watu wanaposikia mafungo wanafikiri ni mapumziko. Evagrio wa Ponto, mmonaki aliyefariki Misri mwaka 399, aliandika kwa makini yanayompata anayekaa peke yake jangwani. Alieleza pepo wa uchovu wa roho anayekuja saa nne asubuhi na kung'ang'ania hadi saa nane mchana. Jua linaonekana kama limesimama. Mmonaki anachungulia dirishani, anatoka nje kutazama kama saa tisa, saa ya kula, imekaribia, anaangaza huku na huku kama kuna ndugu anayekuja kumtembelea. Anaanza kuichukia kazi yake na mahali pale. Anakumbuka nyumbani. Anajiambia kwamba Mungu yuko kila mahali, kwa nini asitafutwe kwingine? Wanovisi wangu hawajui kusoma Kigiriki, lakini siku ya pili ya mafungo wanaweza kuniandikia ukurasa ule wote. Usingizi unakuja, inakuja hasira ya mwaka juzi dhidi ya dada yake, na mkono unapapasa mfukoni kutafuta simu iliyobaki getini. Hayo yote yalikuwamo tangu mwanzo. Shughuli zilikuwa zimeyafunika.

MCHUNGAJI: Sasa umenisaidia mimi. Kama ndani ya mtu mna hasira, woga na uchovu, kwa nini nimwache peke yake na hao watatu? Siku hizi kuna mafunzo ya kutuliza akili hadi kwenye simu: kaa, fumba macho, usiwaze lolote. Yesu alitahadharisha juu ya nyumba iliyofagiwa na kupambwa ikaachwa tupu. Mathayo 12. Yule pepo alirudi na wenzake saba. Ninaona bora nyumba yenye kelele za sifa kuliko nyumba tupu.

SISTA: Nyumba tupu siitetei. Tafakari yetu inaanza na neno. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni aliyoiandika karne ya 6, aliipangia lectio divina, yaani usomaji wa Maandiko kwa sala, saa zake za kila siku, sambamba na kazi za mikono. Aliwajua watu wake: sura ya 48 inaagiza kwamba wakati wa Kwaresima mzee mmoja au wawili wazunguke saa za kusoma kuona kama kuna ndugu anayepiga soga badala ya kusoma. Karne ya 12 Guigo wa Pili, mkuu wa Wakartusi, akaipanga kazi hiyo kama ngazi yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kutulia mbele za Mungu. Na usidhani walisoma kwa macho tu. Walisoma kwa midomo, wakinong'ona.

Nikuonyeshe. Chukua Bartimayo, Marko 10. Unasoma taratibu: barabara ya kutoka Yeriko, umati, kipofu ameketi kando ya njia. Unasoma tena. Safari ya pili kitu kimoja kinakukwama, kwa mfano lile vazi alilolitupa alipoitwa. Usikimbilie mstari unaofuata. Vazi la ombaomba ni blanketi lake la usiku, na labda ndilo analolitandaza kupokea sarafu. Amelitupa kabla hajaona. Mimi nimeshikilia nini ambacho sijathubutu kukitupa? Hapo unamwambia Mungu jina la kitu hicho. Ukishamwambia, unaacha kusema. Huo ndio ukimya ninaoutetea. Una neno nyuma yake na swali mbele yake.

MCHUNGAJI: Hilo la kusoma nakubali, hata mimi ningelihubiri. Lakini unapoacha kusema, linalokujia utajuaje ni Mungu na si njaa? Nina kijana aliyekaa kimya siku tatu akatoka akisema Bwana amemwonyesha amwache mkewe. Na kuna jambo la pili ambalo nyinyi wa konventini hamlioni. Yesu alisema ingia chumbani, funga mlango. Mlango upi? Watu sita wamepanga chumba kimoja, pazia katikati, redio ya jirani inapenya ukuta wa bati. Huo ukimya wenu unahitaji ekari, bustani na mpishi.

SISTA: La kijana, nitakupa dawa ya askari. Mwaka 1521 Ignasi wa Loyola alivunjwa mguu na risasi ya mzinga huko Pamplona. Akiwa kitandani kwao aliota ndoto za mchana za aina mbili: mara anamtumikia bibi mkubwa na kusifiwa kwa ushujaa, mara anaishi kama watakatifu aliokuwa anasoma habari zao. Zote zilimfurahisha zilipokuwa zikiendelea. Tofauti aliiona baadaye. Za kwanza zilimwacha mkavu na mwenye kinyongo, za pili zilimwachia furaha iliyodumu. Kutoka hapo alijenga Mazoezi ya Kiroho, yaliyochapishwa mwaka 1548, na desturi ya kuichunguza siku yako mara mbili: nilivutwa wapi, na palinifanya niweje. Yule kijana alipaswa kuulizwa ujumbe wake umemwachia nini, na umemwachia nini mkewe.

MWALIMU: Nasi Marafiki tungemuuliza mbele ya wengine. Katika vikao vyetu hatupigi kura. Karani anasikiliza hadi aone kikao kinaelekea wapi, na pakitokea mvutano anaweza kuomba watu wote wakae kimya kwanza. Anayesema ameambiwa na Mungu, neno lake linapimwa na mkutano. Sisemi njia hii haina kasoro. Marafiki wa Kenya tulikuwa na mkutano mkuu mmoja tangu 1946. Mwaka 1973 wa Elgon wakajitenga, na wengine wakafuata. Ukimya haukutuzuia kugombana.

La mlango nalo niachieni, Sista ana geti. Susanna Wesley, mama yao John na Charles, waasisi wa Umethodisti, alizaa watoto 19. Inasimuliwa kwamba alipotaka kusali alijifunika aproni kichwani, na watoto wakajua mama haguswi. Kwetu aproni hiyo ni leso. Panda matatu ya alfajiri kutoka Mbale siku ya soko, utamwona mama wa mboga amekaa dirishani, gunia la sukuma wiki miguuni, leso imefunika uso mpaka kidevuni. Halali, maana noti ya nauli ameikunja tayari kati ya vidole. Kondakta anayemfahamu anaichomoa bila kumsemesha. Huyo hana ekari, Mchungaji.

MCHUNGAJI: Huyo mama namheshimu. Lakini Mwalimu, mimi nimepita kwenu Jumapili. Mna kwaya, mna mchungaji, mna vipaza sauti kama sisi. Marafiki wa Uingereza ndio wanaosifika kwa kukaa kimya. Ikiwa wenye ukimya wao wenyewe wameuacha, sisi tuukope wa nini?

MWALIMU: Umesema kweli, na historia yake ni hii. George Fox alipoanza kukusanya watu kaskazini mwa Uingereza mwaka 1652, walikaa kimya bila padri wala mimbari hadi mmoja wao asukumwe kusimama na kusema. Lakini wamisionari watatu waliofika Kaimosi mwaka 1902 walitoka kwa Marafiki wa Cleveland, Ohio, ambako uamsho wa karne ya 19 ulikuwa umekwisha kuleta wachungaji na nyimbo. Walituletea walichokuwa nacho. Leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na Rafiki wa London akija kwetu akitarajia saa nzima ya ukimya, anakaribishwa kwa nyimbo. Hata hivyo nasi tumewahi kunyamazisha watu. Mwaka 1927, pale Kaimosi, waumini walilia na kuungama dhambi kwa sauti wakisema wamejazwa Roho. Viongozi waliogopa, wakawakataza, na wale watu wakaishia kuanzisha makanisa yao ya Roho Mtakatifu.

Ila usisahau ukimya ule wa kwanza ulifanya nini. Mimbari ilipoondoka, asiye na zamu ya kusema aliipata. Mwaka 1666 Margaret Fell, akiwa kifungoni Lancaster, alichapisha kijitabu cha kutetea haki ya wanawake kusema katika ibada. Kwingine 1 Wakorintho 14 ilitumika kuwafunga vinywa. Kwa Marafiki walisimama na kuhubiri, kwa kuwa hapakuwa na mwanamume mmoja aliyeishika saa yote.

MCHUNGAJI: Hapo ndipo penyewe. Sista alisoma Bartimayo akakwama kwenye vazi. Mimi nilipokuwa namsikiliza nilikwama mapema zaidi: watu wengi walimkemea anyamaze. Na hawakuwa wapagani, walikuwa kwenye msafara wa Yesu. Waliona kelele zake zinawaharibia. Angewatii, angekufa kipofu. Sasa tazama makanisani kwetu. Mke anayepigwa anaambiwa akae kimya amwachie Mungu. Binti aliyeharibiwa na mzee wa kanisa anaambiwa asiliaibishe jina la Bwana. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kanisa limeficha mengi. Mwaka 1994 nchini Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari, watu walikimbilia makanisa ya Nyamata na Ntarama wakauawa humo humo, na viongozi wengi wa dini hawakupaza sauti ilipohitajika. Kila nikiambiwa ukimya ni mtakatifu, nauliza: ukimya wa nani?

SISTA: Kwa Nyamata sina jibu, wala sitalitafuta la haraka. Lakini tubaki kwenye barabara ile ya Yeriko, maana kuna kitu cha tatu. Yesu alisimama, na msafara wote ukasimama naye. Akaagiza aitwe. Akamuuliza anataka afanyiwe nini, swali ambalo kila mtu pale alilijua jibu lake, kisha akangoja. Mwenye uwezo wote ndiye aliyenyamaza ili ombaomba aseme kwa kinywa chake. Hata Eli alipoacha kukemea na kumsikiliza Hana, karipio liligeuka baraka. Nimekuwa nautetea ukimya kana kwamba ni wa aina moja. Kunyamazishwa ni jambo moja, kunyamaza ni jingine. Na yule wa Shilo aliyepaswa kunyamaza hakuwa Hana.

MWALIMU: Basi hoja yetu irekebishwe. Ukimya ni deni la mwenye sauti. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Hiyo ndiyo wiki waliyomfaa. Walipoanza kumweleza kwa nini anateseka, waligeuka mzigo. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, Marafiki wa Kenya waliunda vikundi vya amani, na sehemu ya kazi yao ilikuwa kuwasikiliza tu waliofukuzwa makwao na waliowafukuza. Kazi hiyo hujifunzi siku unapofika kambini. Asiyeweza kukaa dakika kumi na moyo wake mwenyewe hawezi kukaa saa nzima na kilio cha mwenzake bila kumkatiza kwa mstari wa Biblia. Atamkatiza kwa sababu kilio kile kinaamsha mambo yake mwenyewe ambayo hajawahi kuyatazama. Ndiyo maana Yesu, ambaye watu walimtafuta mchana kutwa, aliamka alfajiri na mapema akaenda mahali pasipo na watu. Aliporudi alikuwa na nafasi ya kumsikiliza mkoma. Tafakari ya faragha isipoishia kwenye masikio ya namna hiyo, Mchungaji ana haki ya kuitilia shaka.

MCHUNGAJI: Kwa maneno hayo naweza kujadiliana. Nitatoa dakika tano, na nina masharti. La kwanza: nitashuka madhabahuni nikae kwenye kiti cha plastiki kati ya watu, kipaza sauti kimezimwa. La pili: ndani ya dakika hizo mtu akilia, au akisimama akasema jambo linalomkaba, asitokee mhudumu wa kumtuliza wala wa kumtoa nje, hata kama jambo lenyewe linanihusu mimi. La tatu: mkesha wa Ijumaa mniachie na matari yake yote.

SISTA: Mkesha ni wako. Lakini dakika tano hazifikishi mtu popote. Zitampa pumzi tu. Kazi huanza pale anapochoka na kutamani kinanda kipigwe. Kumi.

MCHUNGAJI: Saba. Na wiki ya kwanza uje wewe uketi nasi, uone muuza mitumba wangu akinyamaza kwa hiari yake. Ila sharti la pili halina mjadala.

MWALIMU: Ndilo gumu kuliko yote, na wewe ndiye litakayekugharimu.

SISTA: Litanigharimu na mimi. Sura ya 3 ya Kanuni yetu inamtaka abati akiwa na jambo zito awaite wote na amsikilize hata mdogo kabisa, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia huyo lililo bora. Tumeisoma zaidi ya tulivyoitenda. Nikirudi Ruvuma nitaomba dakika zetu za ukimya ziwe na sharti hilo hilo, na novisi wa mwaka wa kwanza akisimama kusema neno juu ya mlezi wake, nitakaa kitini nimsikilize hadi amalize.